Uliza Mkemia: Povu la Kwenye Sindano, Sabuni Iliyokatika, na Mengine Kutoka Kigoma na Tabora

Habari zenu wasomaji. Safari hii nimechagua maswali ambayo ukiyatazama juujuu hayahusiani kabisa, mmoja anauguza mtoto, mwingine anapika sabuni, mwingine ana mtihani, lakini yote yanazunguka jambo moja, kwanini kitu kinagoma kuyeyuka kwenye maji halafu ukikitilia asidi au magadi kidogo kinayeyuka, au kilikuwa kimeyeyuka vizuri tu mara kinakatika. Jambo lenyewe nalipenda sana kwahiyo nivumilieni nikirefusha.

SWALI: Shikamoo mkemia. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kasulu. Mwanangu wa pili alishikwa na malaria kali tukalazwa, sasa anaendelea vizuri namshukuru Mungu. Nilichotaka kuuliza, nesi alikuwa anachukua kichupa chenye unga mweupe, anavuta maji kutoka kwenye kichupa kingine kidogo sana anaweka humo, anatikisa, inatoa povu, anasubiri mpaka inakuwa safi, ndo anaongeza maji mengine halafu anamchoma. Kwanini asiweke yale maji mengine moja kwa moja? Na lile povu ni la nini, maana mi niliogopa nikadhani dawa imeharibika.

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Dawa haikuharibika, ulichokiona ndo dawa inatayarishwa inavyotakiwa, na swali lako nimeliweka la kwanza kwa sababu wengi wamekaa kwenye kile kiti cha pembeni ya kitanda wakaona hivyohivyo na hawakuuliza.

Kwa maelezo yako hiyo ni atesuneti, ndo sindano ya malaria kali siku hizi. Shirika la Afya Duniani liliiweka mbele ya kwinini kwa watu wazima mwaka 2006, na kwa watoto mwaka 2011. Sasa ule unga ni asidi. Siyo asidi ya kuunguza kama ya betri, hapana, ni asidi dhaifu, yaani molekuli kubwa iliyojaa kaboni na haidrojeni, sehemu ambayo maji hayana habari nayo kabisa, ila kwenye ncha moja ina haidrojeni ambayo inaweza kung'olewa. Ukiweka maji matupu ile haidrojeni kwa sehemu kubwa inabaki palepale, molekuli haina chaji, na unga unabaki unga. Sasa unga ambao haujayeyuka huwezi kuusukuma kwenye mshipa wa mtoto.

Kile kichupa kidogo kina sodiamu baikaboneti ya asilimia 5. Baikaboneti inaing'oa ile haidrojeni, atesuneti inabaki na chaji hasi, inakuwa chumvi ya sodiamu, na maji yanavuta kwa nguvu kitu chochote chenye chaji kwahiyo unga wote unapotea humo ndani. Ile baikaboneti nayo ikishapokea haidrojeni inakuwa asidi kaboniki, ambayo haikai, inavunjika muda huohuo kuwa maji na hewa ya ukaa, gesi ileile ya kwenye soda. Ndo povu uliloliona mama. Povu ni dalili kwamba kazi inafanyika.

Kichupa kilichozoeleka kina miligramu 60 za dawa na kinawekewa mililita 1 tu ya baikaboneti, kidogo hivyo, halafu nesi anatikisa mpaka maji yawe maangavu kabisa bila ukungu. Akishaona hivyo ndo anaongeza maji ya chumvi au ya glukosi. Angeanza na hayo mengine unga ungebaki unaelea. Na hawezi kuitayarisha asubuhi akaiweka ya jioni, kwa sababu atesuneti ikishakuwa majimaji inaanza kuvunjika taratibu, inatakiwa itumike ndani ya saa moja, ndo maana kiwandani wanaipaki ikiwa unga na kila dozi inachanganywa upya mbele ya mgonjwa. Ukimwona nesi anatupa iliyobaki usimlaumu.

Mtu anaweza kuuliza sasa si waweke alikali (kinyume cha asidi, kama magadi au kostiki) kali zaidi iyeyuke haraka? Hapana. Molekuli hii ina viungo ambavyo alikali kali inavikata, ungepata maji maangavu mazuri yasiyo na dawa. Baikaboneti ni dhaifu lakini inaishinda ile asidi, na kushinda kidogo kunatosha. Hili la nani anamshinda nani tutalirudia huko mbele kwa kijana wa Tabora.

Kwinini ni kinyume chake. Tangu Pelletier na Caventou waitoe kwenye magome ya mti wa sinkona kule Paris mwaka 1820 imejulikana kuwa ni besi, yaani inapokea haidrojeni badala ya kuitoa, kwahiyo yenyewe inataka asidi ndo iyeyuke. Gramu moja ya kwinini tupu inadai karibu lita mbili za maji. Ukiipa asidi ya haidrokloriki ya kutosha ikawa daihaidrokloridi, gramu hiyohiyo inayeyuka kwenye maji yasiyofika hata mililita moja. Tazama tofauti hiyo, na dawa ni ileile! Ndo maana kwenye maboksi ya dawa unasoma diklofenaki sodiamu, metifomini haidrokloridi, siprofloksasini haidrokloridi. Neno la kwanza ndo dawa, la pili linakuambia imegeuzwa chumvi kwa kutumia nini. Penye sodiamu mara nyingi dawa yenyewe ni asidi, penye haidrokloridi dawa ni besi.

Ila tafadhali sana, nawaomba, asije mtu akasoma hapa akaanza kuyeyushia watoto vidonge kwa ndimu au magadi nyumbani. Kidonge kimepimwa kiyeyuke wapi na kwa kasi gani, ukikichezea unabadilisha dozi bila kujua.

SWALI: Mimi napika sabuni za miche kwa mawese hapa Ujiji. Juzi binti yangu alimwaga maji ya ndimu kwenye beseni la maji ya sabuni, yakakatika, yakawa kama maziwa yaliyoharibika na juu yakaelea mabonge laini, povu likaisha lote. Tukasema sabuni yetu haina ubora. Je ni kweli? Na mbona tukifulia ziwani pia unatokea utando?

JIBU: Mama Ujiji sabuni yako haina shida, hata ungenunua sabuni ya kiwandani ukaitilia ndimu ingekatika hivyohivyo.

Mawese ni mafuta ambayo karibu yote yameungwa matatumatatu kwenye gliserini. Wewe unapotia kostiki soda unakata hizo kamba, unapata asidi za mafuta, hasa palmitiki na oleiki, na papohapo kostiki inazing'oa haidrojeni zinakuwa chumvi za sodiamu. Hiyo chumvi ndo sabuni. Kichwa chake kina chaji ndo maana kinashika maji, mkia wake mrefu unashika uchafu wa mafuta. Sasa ndimu ina pH (kipimo cha uasidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alikali) kama 2 hivi, ina haidrojeni za kumwaga, inazirudisha kwenye vile vichwa, chaji inakufa, na kinachobaki siyo sabuni tena ni asidi ya mafuta. Asidi palmitiki ina kaboni 16, haiyeyuki kwenye maji, kwahiyo inajikusanya, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji inapanda juu. Hayo ndo mabonge yenu.

Jaribu uone: yakusanye yale mabonge, weka kwenye sufuria na maji kidogo, tia magadi, chemsha taratibu. Yatatoa hewa ya ukaa, yatavimba kwahiyo chukua sufuria kubwa, halafu yatayeyuka na povu litarudi. Umeipata sabuni yako. Lakini ukichukua mawese mazima mazuri ukayachemsha na magadi hayohayo hupati sabuni ya maana hata ukae nayo mchana kutwa, kwa sababu mawese mazima siyo asidi, hayana haidrojeni ya kung'olewa, lazima kwanza zile kamba zikatwe na magadi hayana nguvu hiyo. Kwa mawese ni kostiki, karibu gramu 141 kwa kila kilo, na wenye busara wanapunguza kidogo isije ikabaki ya kuunguza mikono. Vaa glovu mama, na kostiki ndo inawekwa kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki.

Hapo kuna jambo wapikaji wa mawese wa Kigoma wanatakiwa walijue maana ni pesa zao. Chikichi likichubuka au likikaa siku nyingi kabla ya kuchemshwa, ndani yake kuna kimeng'enya ambacho kinaanza kuyakata mafuta chenyewe, asidi za mafuta zinakuwa huru na mawese yanaanza kukereketa kooni. Wanunuzi wakubwa wa mawese ghafi duniani mpaka wao ni asilimia 5 ya asidi huru. Kuchemsha matunda mapema kunakiua kile kimeng'enya, mchezo unaishia hapo. Na kiwanda kinachosafisha mafuta kwa njia ya alikali kinafanya kilekile tunachokizungumza, kinatia kostiki kwa kipimo kidogo cha kuzitosha zile asidi huru tu, zinakuwa sabuni, sabuni inahamia upande wa maji, mafuta mazima yanabaki peke yake, wanatenganisha. Asidi na besi ndo zimefanya kazi ya chujio.

Kuhusu ziwani, huo ni utando mwingine kabisa. Maji ya Tanganyika yenyewe yana pH karibu na 9, ni ya upande wa alikali, hayawezi kuikata sabuni kwa njia ya ndimu. Shida yake ni magnesiamu, ipo nyingi kuliko hata kalsiamu, inashika vichwa viwili vya sabuni kwa mpigo na chumvi hiyo ya magnesiamu haiyeyuki. Kwahiyo msije mkadhani kila chumvi inayeyuka, inategemea na mwenzake ni nani. Sodiamu na potasiamu hazina matatizo.

SWALI: Kwanini migebuka ukiikamulia ndimu harufu inapungua? Msomaji, Kibirizi.

JIBU: Harufu ya samaki aliyeanza kukaa inatokana kwa sehemu kubwa na besi ndogondogo zinaitwa amini. Zikiwa hazina chaji zinaruka hewani zinafika puani. Ndimu inazipa haidrojeni, zinakuwa chumvi, chumvi hairuki, inabaki kwenye majimaji na ukisuuza inaondoka. Lakini ndimu inaondoa harufu tu, samaki aliyeoza ataendelea kuwa ameoza, usimle.

SWALI: Mambo vipi mkemia, mi niko kidato cha sita Tabora. Kwenye praktiko tumeambiwa tutenganishe asidi benzoiki, 2-naftholi, anilini na naftalini vyote vimeyeyushwa kwenye etha, tunatumia HCl (asidi ya haidrokloriki), baikaboneti na kostiki. Mi nimekariri tu mtiririko ila sielewi, na asidi benzoiki niliyoipata ilikuwa kiduchu mno, wenzangu wamepata nyingi. Nisaidie.

JIBU: Poa dogo. Acha kukariri, hapa hakuna cha kukariri kabisa, kuna swali moja tu unaliuliza kila ukimimina kitu kwenye faneli (chombo cha kutenganishia vimiminika): nani sasa hivi anapata chaji? Atakayepata chaji anahamia kwenye maji, asiyepata anabaki kwenye etha, ambayo haichanganyiki na maji. Basi.

Anza na HCl. Nani anapokea haidrojeni? Anilini peke yake maana ndo besi. Inapata chaji chanya inashuka kwenye maji, ichukue weka pembeni kwenye bika lake na uandike jina, usije ukachanganya mabika maana hapo ndo watu wanapoteza kila kitu.

Sasa baikaboneti. Hapa ndo penye utamu. Asidi benzoiki ina pKa (yaani pH ambayo nusu yake inakuwa imeachia haidrojeni) 4.2, naftholi yako 9.5, na asidi kaboniki, ambayo ndo baikaboneti inageuka ikipokea haidrojeni, ina 6.4. Namba ndogo ndo asidi kali zaidi. Benzoiki ni kali kuliko kaboniki kwahiyo inaibwagia baikaboneti haidrojeni yake na unaona mapovu. Naftholi ni dhaifu kuliko kaboniki, haiwezi. Maji ya baikaboneti yana pH kama 8.3 hivi. Kila hatua moja ya pH kutoka kwenye pKa ni mara kumi, kwahiyo benzoiki ikiwa hatua nne juu, kwa kila molekuli moja isiyo na chaji kuna kama elfu kumi zenye chaji, wakati naftholi iko chini ya pKa yake na yenye chaji ni kama sita katika mia. Unaona zinavyoachana? Halafu njoo na kostiki, pH 13 na kuendelea, hapo naftholi nayo inakubali. Ungeanza na kostiki zingeshuka zote mbili pamoja ukaanza kulia. Naftalini haina haidrojeni ya kutoa wala mahali pa kupokea, inabaki kwenye etha mpaka mwisho, unaikausha unaipata.

Ukiulizwa kama fenoli zote zinagoma kwenye baikaboneti usijibu ndiyo harakaharaka. Asidi pikriki kwa muundo ni fenoli ila ina makundi matatu ya naitro yanayovuta elektroni, pKa yake 0.4, hiyo inayeyuka bila ubishi. Siyo jina linaloamua, ni nguvu ya asidi.

Sasa kuhusu kiduchu chako. Nina mashaka na sehemu mbili. Ya kwanza, ulipokuwa unairudisha benzoiki kwa kutia HCl uliishia wapi? Wengi wakiona unga mweupe unaanza kutokea wanaacha hapohapo. Pale pH inapofika 4.2 nusu ya benzoiki bado ina chaji bado iko kwenye maji, lazima ushuke mpaka 2 au chini yake, tia tone kwenye karatasi ya pH usitegemee macho. Ya pili ni maji. Sodiamu benzoeti inayeyuka zaidi ya gramu 600 kwa lita, benzoiki yenyewe kama gramu 3.4 kwa lita kwenye nyuzi 25, ni ndogo lakini siyo sifuri. Ukiwa na mililita 200 za maji unaacha humo karibu gramu 0.7, na kama ulianza na gramu 1 unategemea nini kibaki? Tumia baikaboneti kidogo kidogo mara mbili tatu, na kabla ya kuchuja weka bika kwenye barafu, kwenye sifuri kinachoyeyuka kinashuka mpaka karibu nusu. Na usiisuuze kwa maji mengi ya bomba, suuza kwa maji ya baridi kidogo.

Jingine, la usalama, nalisema kwa msisitizo. Etha inachemka kwenye nyuzi 35 tu na mwezi wa kumi Tabora kunawaka. Ukitikisa faneli yenye etha na baikaboneti unapata mvuke wa etha pamoja na hewa ya ukaa kwa wakati mmoja, kizibo kinaruka. Koroga kwanza bila kuziba mpaka mapovu yatulie, halafu ziba, geuza, fungua koki utoe pumzi kila baada ya mtikiso mmoja au miwili, mdomo wa faneli uelekee pasipo na mtu. Na asiwashe mtu jiko chumba hicho, mvuke wa etha ni mzito unatambaa juu ya meza.

SWALI: Babu yangu wa Urambo anatumia ugoro na lazima auchanganye na magadi, anasema bila magadi ni majani tu. Ni imani au kuna kitu?

JIBU: Kuna kitu, tena kikubwa. Nikotini ni besi, na ndani ya jani la tumbaku nyingi inakuwa imeshikana na asidi za mmea, yaani ni chumvi, ina chaji. Utando wa ndani ya pua na mdomo una mafuta, na chenye chaji kinapita hapo kwa shida. Magadi yanaipokonya ile haidrojeni, nikotini inabaki huru bila chaji, inapenya kwenye mafuta ya utando na kuingia kwenye damu haraka. pKa yake ni karibu 8, kwahiyo kwenye pH 6 iliyo huru ni kama asilimia 1, kwenye 8 ni nusu, kwenye 9 ni kama asilimia 90. Majani ni yaleyale, kiasi ni kilekile, ila babu anapata mzigo mkubwa zaidi kwa mpigo mmoja.

Nikwambie ukweli, hiyo ndo inamfunga. Uraibu unategemea sana nikotini inafika kichwani kwa kasi gani, na kwa namna hiyo magadi yanamkaza. Zaidi ya hapo ugoro una vitu vinavyoleta saratani ya mdomo, hilo halina mjadala. Mweleze kwa heshima, na akikubali kupunguza aende zahanati wamsaidie kwa sababu kuacha peke yake kwa umri wake ni kugumu.

SWALI: Mawese yamenimwagikia kwenye shati jeupe, nikaambiwa niweke siki halafu sabuni. Imeshindikana. Nifanyeje? Msomaji, Mwanga.

JIBU: Siki haina cha kufanya hapo kaka. Ule wekundu ni karotini, haina kundi la asidi wala la besi, hakuna chaji utakayoipa. Na siki ikikutana na sabuni inaikata kama ilivyotokea kwa mama wa Ujiji, umejiongezea mafuta juu ya mafuta. Suuza siki yote itoke, paka sabuni ya mche kavukavu kwenye doa, sugua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, rudia. Mafuta yakitoka patabaki kivuli cha njano, hicho usikipigie magadi wala ndimu, anika shati kwenye jua kali likiwa bichi, jua linaivunja karotini yenyewe. Siku moja isipotosha rudia kesho yake.